Ng'ombe wa Baba Hawahesabiwi

Mwandoya, Meatu

Kaka Selestini,

Shikamoo. Natumaini hujambo hapo Bariadi, na kikohozi cha wifi Elizabeth kimepoa. Sisi ni wazima, pamba tumemaliza kuvuna, ila mimi nimechoka mwili na akili. Najua unasubiri jibu kuhusu ile nafasi ya ushonaji. Nitalifikia jibu hilo; nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Uliponiachia kompyuta yako ya zamani ulinicheka, ukasema kujenga mwenyewe hifadhidata, yaani programu ya kutunza taarifa na kuzitafuta, hata ninyi chuoni mliikwepa. Nikaanza hivyo hivyo, na kitabu nilichopakua mtandaoni. Nililia, kaka. Nikiziba kosa moja linafumuka jingine, nikajiona mjinga kabisa. Mwishowe ikakubali.

Kwa furaha nikaingiza ng'ombe wa baba, nikamwita aone. Juu kabisa nilikuwa nimeweka jumla yao. Baba aliisoma, akatoka nje. Baadaye alimwambia mama kwamba yeye hata rafiki yake hajawahi kumtajia idadi ya mifugo yake, seuze kuianika kwenye kioo chenye taa. Na mimi nimekulia zizini, nikijua kuwa kuhesabu mifugo huiletea mkosi, sijui akili ilikwenda wapi. Ndama mmoja alipougua wiki ileile, nikaamriwa kuitoa mashine nyumbani. Nikaihamishia kwa mama mdogo Veronica.

Nilitaka kuacha. Badala yake nikabomoa nusu ya kazi yangu na kuanza upya. Sasa haihesabu kitu. Unamtafuta ng'ombe kwa rangi yake na kwa mama yake, kama baba anavyowajua. Mama alimbembeleza baba aende kwa mama mdogo aiangalie tena. Akauliza uzao wa yule mwenye paji jeupe. Wakaja wote kwenye kioo, pamoja na mtamba mmoja aliyekuwa amemsahau. Akaniomba aulize tena.

Kaka, ile nafasi siichukui. Najua umeshanisemea kwa fundi, na utakasirika. Nimeanza kujenga programu ya kugeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine, ile uliyosema inatisha kuliko zote. Ukurasa wa kwanza wenyewe siuelewi hata nusu. Nimechoka na naogopa, lakini siogopi tena kwamba sina akili.

Mama anawasalimu sana, wewe na wifi. Baba naye anakusalimu. Mimi hajanisifu hata kidogo. Ila jana Mzee Mwandu alikuja kuuliza fahali wetu alizaliwa na ng'ombe gani, na baba, anayelijua vizuri jibu, akamwambia akae asubiri mpaka nirudi kutoka kisimani nimtafutie.

Mdogo wako,
Nyamizi