Kopo la Watasema

Jumatatu, 12 Mei 1975
Nimepulizia pamba tangu asubuhi. Mgongo unauma. Ngedere wamekuja tena kwenye mahindi, Watasema amewatimua. Bila mbwa huyu nisingevuna hata gunzi.

Kigae chake cha maji kimevunjika. Nimempa kopo tupu la dawa ya pamba. Nimelisugua kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa. Mbwa lazima awe na chombo chake. Mate yake najisi, na mimi ninaswali.

Mzee Athumani amelalamika tena, eti mbwa amekanyaga mkeka wake wa kuswalia. Tangu tuhamishiwe kijijini na kupangwa kwa mistari, mlango wake na wangu inatazamana. Simpendi.

Jumatano, 14 Mei
Watasema anatokwa mate kama povu la sabuni. Anatetemeka, miguu haimbebi. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nimemnywesha maziwa, yamemtokea puani. Amekufa kabla ya adhuhuri.

Ni Athumani. Nani mwingine?

Alhamisi, 15 Mei
Bwana mifugo amepita, anatoka Mikumi. Nimemweleza dalili. Anasema hiyo ni dawa ya wadudu. Anasema nilikosea kumnywesha kwa nguvu mbwa anayetetemeka; ningemkimbiza kwake mara moja. Ameuliza mbwa alikuwa akinywea nini. Nimemjibu kwa ukali kwamba ana chombo chake, tena safi. Aulizwe Athumani!

Kisha nimekwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Nimemtaja Athumani mbele ya watu. Muuaji. Ameapa hakumgusa mbwa. Nimejisikia vizuri sana.

Ijumaa, 16 Mei
Ngedere wamemaliza mistari miwili ya mahindi.

Athumani ana bata saba. Anawapenda kuliko wajukuu zake. Nataka awaokote mmoja mmoja. Nataka alie, na mimi nimwone akilia.

Jumapili, 18 Mei
Athumani amekwenda shambani. Nimeloweka pumba kwenye kopo la Watasema, nisichafue chombo changu. Nimeingia ndani kuchukua dawa.

Nimetoka, nimemkuta tetea wangu ametumbukiza kichwa koponi. Nimemfukuza. Hakufika mbali. Ameanguka, mabawa yanatetemeka, ute unamtoka mdomoni.

Dawa ilikuwa bado mkononi mwangu. Sijaifungua. Mle koponi mlikuwa na pumba na maji tu.

Nimekaa chini. Ni mimi niliyemwua Watasema.

Jumatatu, 19 Mei
Nimelitoboa kopo kwa msumari na kulifukia mbali na kisima, pamoja na tetea na zile pumba. Dawa nimeifungia sandukuni. Sijala.

Jumanne, 20 Mei
Nimekwenda kwa Mzee Athumani. Nimemwamkia shikamoo. Ameitikia marahaba. Nimemwambia habari ya kopo. Ya bata pia nimemwambia.

"Mwanangu," alisema, "jina langu ulilitaja mbele ya watu. Nenda ukalitaje tena."

Nimekwenda. Watu walewale. Nimelitaja.

Hasira bado ninayo, ila sasa haina pa kwenda.

Ijumaa, 23 Mei
Dada ameniletea mtoto wa mbwa kutoka Vidunda. Bado hana jina. Nimemwekea maji kwenye bakuli langu la wali. Mimi nitakula kwenye kifuniko cha sufuria.