Cheni Uliyoinoa, Baba

Watamu, Alhamisi

Shikamoo Baba,

Nakuandikia kadi hii yenye picha ya kasa, usomewe, kwa sababu kwenye simu ungejua kwa sauti yangu kwamba nimevunjika moyo. Kazi ya kukata mivinje ya hoteli tumeikosa.

Tulikuja watatu kuishindania, kila mmoja na msumeno wake wa mashine. Meneja akasema atamchukua mwenye msumeno wenye nguvu zaidi. Nikafurahi, nikikumbuka siku mbili ulizokaa barazani na tupa, ukinoa jino moja moja kwa kupapasa, maana macho hayakusaidii tena.

Mpimaji wa hoteli aliuweka msumeno wetu kwenye meza ya chuma. Kitu cha kwanza, akaivua cheni, akaitupa mchangani.

"Nguvu yake iko hapo," nikamwambia. "Kainoa baba yangu mwenyewe."

"Cheni hatuipimi, bwana. Tunapima injini tu."

Akaiunga injini na gurudumu lenye breki, akaiongeza mafuta mpaka mwisho. Misumeno mipya ya wenzangu ilikuwa imepandisha namba za kipimo juu sana. Wetu ulikohoa, ukazimika. Hakuna aliyeleta hata gogo moja tujaribu.

Joto hapa linakaba. Wali wa nazi nimeutazama mpaka umepoa. Sijui nitashika nini tena, Baba. Msumeno ndio huo huo.

Msalimie Mama, na Mola awahifadhi nyote. Cheni nakurudishia. Nilipokuwa naipangusa mchanga ilinikata kidole, na hicho ndicho kitu pekee ilichokata Watamu.

Mwanao,
Athmani