Gauni la Vipimo vya Zamani

Jumapili, tarehe 3 mwezi wa pili

Mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini kwako. Mimi mzima, cherehani nayo nzima, ila goti la kushoto ndilo linalonikumbusha umri kila nikikanyaga pedali. Namshukuru Mungu. Wewe je, hujambo? Nijibu kwa maneno kamili, maana ndiyo sababu ya barua hii.

Simu uliyoninunulia naipenda, ila maneno unayoniletea humo siyaelewi. Jumatatu nilikuuliza umekula nini. Ukajibu: "Npo pw ma, ucjali, bdae." Nikatoka na simu mkononi mpaka kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, akanisomea: nipo poa mama, usijali, baadaye. Hiyo baadaye naingoja mpaka leo.

Juzi nikakupa habari ya mbuzi aliyeingia dukani akala kola ya shati la mteja. Ukajibu "LOL". Mwalimu akasema maana yake umecheka kwa sauti. Sauti gani, mwanangu? Wewe ukicheka kuku wanakimbia! Na ile OMG, kumbe ni "Ee Mungu wangu" kwa Kiingereza! Mwenyezi Mungu hana haraka na wewe. Mwite jina lake lote.

Mwezi ujao ni siku yako ya kuzaliwa. Tangu ulipotimiza mwaka mmoja sijakosa kukushonea gauni. Tepu niliitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Jipime, uniletee vipimo.

Ni mimi, mama yako

Jumamosi, tarehe 16 mwezi wa pili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi ni mzima kabisa.

Nisamehe kwa zile meseji. Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kuwajibu wateja wa kampuni kwa maandishi. Kwa siku wanafika mia mbili, na msimamizi anapita nyuma ya viti kuona nani anachelewa. Vidole vimeshazoea kukata maneno, hata nikimwandikia mama yangu. Tc ni "jitunze", brb ni "narudi sasa hivi", na k peke yake ni "sawa". OMG nimeiacha, nakuahidi.

Lakini na wewe usinigombeze sana, mama. Nani alinifundisha kufupisha? Herufi zangu za kwanza nilizisoma kwenye daftari lako la wateja: Kf kifua, Kn kiuno, Ny nyonga. Hata shuleni niliwahi kuandika hivyo, mwalimu akaniuliza mimi ni mwanafunzi au fundi.

Hapa ni pazuri. Chumba kina dirisha, wenzangu kazini ni watu wema, na chakula nakula vizuri. Vipimo ni hivi: Kf 33, Kn 25, Ny 36.

Mwanao, Kifungo

Jumapili, tarehe 24 mwezi wa pili

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama.

Daftari liko wazi mbele yangu. Ulipoondoka hapa mwezi wa nane ulikuwa Kf 36, Kn 28, Ny 40. Nilikupima mwenyewe, pini mdomoni, ukinicheka.

Inchi nne za nyonga zimekwenda wapi, Kifungo?

Kwenye simu unaweza kuniambia upo poa. Kwenye barua unaweza kuniambia unakula vizuri, nami nikafurahi wiki nzima. Tepu haijajifunza hayo. Miaka ishirini na sita napima watu. Nimewahi kumjua mwenye mimba kabla mumewe hajajua, na mwenye msiba kabla hajafungua kinywa.

Sikugombezi. Nimepiga magoti, la kushoto likalalamika, nikalisukuma hivyohivyo nikakuombea. Sasa niambie. Unaumwa? Kuna mtu anakutesa? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi naye ni wa kuambiwa.

Mama yako

Jumamosi, tarehe 9 mwezi wa tatu

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliifungua ngazini, nikakaa palepale mpaka watu wakaanza kunipita kwa kuruka.

Siumwi, na hakuna anayenitesa. Naona aibu hata kukuandikia, maana ni jambo dogo. Mchana tuna dakika thelathini. Kantini imejaa, kila meza ina watu wake na vicheko vyao. Siku za mwanzo nilisimama na sahani yangu, nisijue pa kwenda, nikarudi kwenye kiti changu cha kazi. Tangu hapo nakula biskuti huku najibu wateja. Jioni nikifika chumbani naliangalia jiko, jiko linaniangalia. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja sikuwahi kufundishwa, mama. Kwetu sufuria dogo halikuwepo.

Nilipojipima niliandika namba tu. Nilisahau kuwa kwako namba ni maneno.

Lishone dogo, usihangaike.

Mwanao

Jumapili, tarehe 17 mwezi wa tatu

Kifungo wangu,

Hujambo, mama? Mimi nimelala vizuri tangu uliponiambia ukweli. Mungu ni mwema.

Gauni ndilo hilo kwenye kifurushi. Sikulipunguza hata uzi mmoja. Nimelishona kwa vipimo vya zamani, na kulijaza ni kazi yako. Chini yake nimekufungia sufuria dogo.

Jumatatu chukua sahani yako, nenda kwenye meza yoyote yenye kiti kitupu, useme: "Samahani, naweza kukaa hapa?" Sentensi hiyo usiifupishe. Iseme yote, mpaka mwisho.

Mama yako anayekuombea

Jumamosi, tarehe 8 mwezi wa sita

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wa barua. Safari hii nilikuwa na shughuli kwelikweli.

Jumatatu ya kwanza sauti haikutoka. Ya pili ilitoka nusu. Ya tatu niliisema yote, na dada wa mapokezi akaondoa mkoba wake kitini, akasema, "Kaa bwana, tulidhani wewe unaringa!" Sasa tupo wanne. Alhamisi wanakuja chumbani kwangu, na lile sufuria halitoshi.

Jana nilivaa gauni kazini. Nakuletea habari yake kwa lugha yetu: Kf 36, Kn 29, Ny 40. Kiuno kinabana, mama!

Mwanao aliyeshiba, Kifungo

Meseji ya simu, Ijumaa, tarehe 14 mwezi wa sita

Kn 29! LOL. Mwalimu hakunisaidia, nimeandika mwenyewe, na kuku wamekimbia. Fumua mshono wa pembeni, niliacha inchi nzima ya ziada kila upande. Nilijua utaihitaji. Asante Mwenyezi Mungu, nalo jina nimeliandika lote. Tc. Mama