Jina la Owuonda Kwenye Mnara

Orpah, nimeboronga.

Ule mnara wa kumbukumbu ya mabaharia tulioujenga hapa Sori, wa mashua iliyozama ziwani 1964, umezinduliwa leo. Majina nilikusanya mimi, si unajua? Yote kumi na moja.

Tukampa bibi yetu mzee, Dani Perusi, heshima ya kuvuta kitambaa, maana mumewe Owuonda ni mmoja wao. Akapapasa herufi, akaniambia nimsomee. Nikasoma "Owuonda" kwa sauti, kama mjinga!

Akauliza, "Nani amemzika mume wangu?"

Watu wakanigeukia. Orpah, watu WOTE.

Kumbe hakuwahi kumzika! Miili haikupatikana. Familia zingine zilizika tunda la yago, lile refu la mwegea, badala ya mwili kama ilivyo desturi, yeye akakataa. Miaka sitini anampakulia chakula kila jioni, halafu mimi naenda kuchonga jina lake kama la kaburini bila hata kumuuliza.

"Nani amemzika?" akarudia. Nikasema ni mimi.

Sasa yuko hapa mlangoni kwangu. Amevua kitambaa cha kichwa, ameniwekea wembe mkononi.

"Mjane hunyolewa baada ya mazishi," anasema. "Umemzika wewe. Ninyoe."