Majibu ya damu ya baba watoto

Shoga, bado ananifokea. Nimejifungia bafuni nakuandikia. Eti namtafutia ugonjwa!

Majibu ya damu yametoka. Daktari alitaka kuona kama mwili una uvimbe wa ndani, ule unaoweza kupanda mtu akikatika pumzi usingizini. Kipimo kiko chini! Baba watoto anapunga karatasi: “Umeona? Mimi mzima! Dume lazima likorome.”

Mzima! Huyu ninayempiga kiwiko ili avute pumzi!

Nikamuuliza, kabla ya kutolewa damu ulimeza nini? Shoga, wiki nzima alikuwa anabugia vidonge vikali vya goti. Vya kushusha uvimbe! Daktari hakuambiwa.

Nimempigia daktari mwenyewe. Akaguna: “Mama, huenda vidonge vimeficha mambo. Na damu peke yake haitoshi kutuambia hali ni mbaya kiasi gani. Alale na mashine tuhesabu pumzi zinavyokatika. Kwa sasa asiendeshe.”

Asiendeshe! Na kesho anaendesha basi la shule! Watoto wa watu, shoga. Juzi alisinzia kwenye taa za barabarani, mguu kwenye breki, nami niko kando yake.

Nimemwambia. Kanijibu: “Ukinisemea kazini, ndoa imekwisha.”

Imekwisha. Nimelia weee, nimenawa uso.

Nimetoka bafuni, nimempigia msimamizi wake wa kazi mbele yake, nimesema yote. Kesho dereva mwingine atashika basi. Baba watoto amekaa kitandani ananitazama kama hanijui. Anitazame tu, mradi anapumua.