Kiti Kisichojua Salamu

Baba,

Sijakusalimia. Najua ungeniangalia kwa jicho lile la kuuliza mtoto huyu kafunzwa na nani, lakini vumilia kidogo. Salamu yako ipo, nitaitoa mwishoni. Kwanza nina habari ambayo ungeacha chakula mezani ukaikimbilia na spana mkononi. Nimepanda kiti cha magurudumu mawili.

Mawili, Baba. Si moja mbele na mawili nyuma kama baiskeli ya mikono uliyoniundia. Moja kulia, moja kushoto, mimi katikati, miguu yangu imepumzika kwenye kibao, na kiti hakianguki. Nakusikia ukiuliza, "La tatu liko wapi?" Hakuna la tatu. Hata mimi nililitafuta.

Kimeletwa na Shija, mtoto wa jirani, yule uliyemfukuza kwenye kibanda chako pale Bariadi kwa sababu alikuwa anafungua redio za watu na kusahau kuzifunga. Sasa ni injinia Mwanza. Vifaa vimetoka nje, yeye akaviunga, na alikuwa anatafuta mtu wa kijijini wa kukijaribu mwezi mmoja. Aliniambia, "Dada Minza, kikifanya kosa lolote niambie ukweli. Usikionee huruma." Nilikubali hata hajamaliza sentensi.

Sababu ni wewe. Kaburi lako liko mahameni, kwenye mji wa zamani wa babu, ng'ambo ya shamba la pamba. Nikikaa mlangoni naliona. Lakini tangu tulipokuzika nilikuwa sijafika. Udongo ule mweusi unaujua: masika unanasa, kiangazi unapasuka, na gurudumu la mbele la baiskeli yako likiingia kwenye ufa ndiyo basi. Siku ya mazishi kaka Masanja alinibeba mgongoni. Watu wote waliinama, mimi nikawa juu naangalia visogo vyao. Nikakuzika bila kukuinamia. Masanja hachoki kuniambia, "Panda twende," na mimi nakataa. Umetumia nusu ya maisha yako kuhakikisha sibebwi, halafu nije kwako nimebebwa? Sikutaka.

Sasa ngoja nikueleze kinavyofanya kazi, maana najua hutatulia mpaka ujue. Chini ya kiti kuna kidude kidogo kinachohisi mwili umeelemea wapi. Ukielemea mbele, mota zinazungusha magurudumu mbele. Ukiegemea nyuma, kinapunguza mwendo, kinasimama. Shija alizungumza mambo mengi ya kitaalamu nikamkatiza: ni kama ndoo ya maji kichwani? Ndoo ikielemea mbele, aliyeibeba anapiga hatua mbele kuifuata ili isimwagike? Akacheka, akasema ndiyo, ni hivyo hivyo. Basi nikaelewa. Mimi ndiyo ndoo.

Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili nilizunguka nyumba mara nyingi hadi kuku wakahama. Mikono yangu, Baba, ilikuwa haina kazi! Nilishika kikombe cha chai huku natembea. Umewahi kuniona natembea na chai? Nilikuwa nakwenda na kurudi kutoka jikoni bila haja yoyote. Na bado nina maswali. Kinajuaje tofauti ya mtu anayetaka kwenda na mtu anayeokota kijiko? Nilimpigia Shija simu kuuliza, akasema hilo ni swali zuri sana. Nilifurahi kusifiwa, nikasahau kwamba hakunijibu.

Jibu nililipata Alhamisi. Sengi, dada yako, alikuja asubuhi kupepeta dengu zake uani kwetu. Unamjua dada yako kwa heshima. Wanawake wenzangu wanampigia goti, na mimi nisiyeweza, wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mdogo: "Wewe inama. Inama mpaka mtu aone utosi wako." Miaka yote hiyo nimeinama vizuri hadi sengi ananitolea mfano kwa wenye magoti mazima.

Basi nikamsogelea, nikampa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka, sengi," nikainama kama ulivyonifundisha. Na kiti kikaenda.

Kichwa changu kilimpata tumboni. Nikashtuka, nikaona aibu, na mtu akiona aibu mbele ya shangazi yake anafanya nini? Nikainama zaidi kuomba radhi. Kiti kikaenda zaidi! Sengi akarudi nyuma, akarudi tena, akakalia beseni la dengu. "Minza, wanimala!" akapiga kelele. Kwamba nimemmaliza. Hakuwa ameumia, ila dengu zilitapakaa uani kote, na kutoka pale chini akaniambia, "Baba yako alikufundisha kuinama, hakukufundisha kupiga watu kichwa kama fahali. Hiki kiti hakina adabu. Kirudi kwa mwenyewe."

Nilicheka baadaye. Wakati ule nililia, kwa sababu nilikumbuka mara moja. Baiskeli yako ilipokuwa mpya nilimwinamia bibi kwenye ule mteremko wa uani, nikaachia mikono, nikaporomoka mpaka zizini kwa ndama. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukakata kipande cha tairi kuukuu, ukakifunga kuwa breki, na kila asubuhi ukawa unanikaririsha: "Breki kwanza, salamu baadaye." Nilikaririshwa hivyo miaka na miaka, na kiti kipya kikanisahaulisha kwa siku chache tu.

Halafu kukawa na jambo la Shija. Nikimwambia, atakichukua, na kaburini nilikuwa bado sijafika, maana nilitaka kwanza kukizoea. Ningeweza kunyamaza hadi mwezi uishe. Sengi ningembembeleza. Nilikaa na simu mkononi nikawaza ni mama gani mwingine atapewa kiti hiki, ainamie mkwe wake karibu na jiko la moto. Nikapiga, nikasema kila kitu.

Alikuja Jumamosi. Hakukasirika, Baba, alitaka nimwonyeshe. Alinifanya niiname mara nyingi huku amesimama mbali, anaandika. Alisema kule alikokijaribu watu wanapeana mikono tu, hakuna aliyewahi kuinama. Ilibidi akirudishe karakana akifundishe, na hakujua kitachukua muda gani. Hakuniahidi kwamba kitarudi kwangu. Nikamwomba kitu kimoja: aniachie Jumapili.

Leo Jumatatu amekichukua. Kabla hajaondoka nilipima upana wa tairi lake kwa uzi, na uzi huo nimeufunga kwenye baiskeli yako. Ninakuahidi hivi: kiti kikirudi, kisirudi, mimi sitakaa mlangoni nikitazama kaburi lako kwa mbali. Nimefungua sanduku lako la spana. Nitakiondoa kile kigurudumu chembamba cha mbele na kuweka kipana, na nikikosea nitafungua tena. Wewe pia ulikuwa unakosea, sema ulikuwa unakohoa ili nisione.

Jumapili nimeiacha mwisho kwa makusudi. Nilitoka kanisani nikapita katikati ya shamba, pamba imeshavunwa, nyufa kila mahali. Magurudumu yalizivuka moja baada ya nyingine. Sengi alinifuata nyuma, mbali kidogo, hajakisamehe kiti. Masanja nilimkataza asije.

Nilipofika karibu kabisa nilitaka kuinama palepale. Mwili ulikuwa umeshaanza. Nikauzuia. Kuna swichi inayoteremsha vijiguu viwili vya kukitegemeza kiti mtu anapopanda na kushuka. Shija hakuwahi kuiita breki. Nikaibonyeza, nikasubiri hadi vijiguu vikagusa ardhi yako, nikakisukuma kiti kwa mgongo kuona kama kimetulia. Kimetulia. Nikaachia mikono yote miwili.

Lala salama, fundi wangu. Breki nimefunga.

Na salamu yako hii hapa: mwadila, Baba.

Ni mimi, Minza. Nimekuja mwenyewe.