Fuawe Limerudi Karakana ya Malegesi

Babu Malegesi, mume mwenzangu,

Shikamoo. Itikia hukohuko uliko, usijifanye husikii. Ulipokuwa hai masikio yako yaliziba pale tu Bibi alipokutuma maji.

Mke wetu hajambo. Sasa ni wangu peke yangu, nakuarifu mapema usije ukanitokea ndotoni na fimbo. Taabu ni kwamba ananilinganisha nawe. Nikila sana anasema marehemu hakuwa mlafi. Nikila kidogo anasema marehemu alikula kama mwanamume. Umeniachia mke mgumu, Babu.

Najua unaucheka mwandiko wangu. Cheka. Darasa la nne nilitoka kwa miguu yangu, sikufukuzwa, na katika ukoo mzima ni mimi peke yangu ninayeweza kukuandikia. Baba anasoma namba za rula tu.

Matanga yako yalifana. Mimi mwenye jina lako nilivaa kofia yako na lile koti lililotobolewa na cheche, nikapita mbele ya watu nikikohoa kama wewe, nikiwakemea waliokaa vibaya. Mashangazi walilia huku wanacheka. Kisha Bibi akanitazama, akajifunika uso kwa kanga. Hapo nikaacha kukohoa. Sikuweza tena, Babu. Tuendelee.

Watu walitoka Nansio, walitoka Buzinza, na wote niliwasimulia habari za karakana yetu mpaka wakachoka. Jinsi baba yako alivyoyeyusha mawe ya Buzinza akatoa majembe yaliyolima Usukuma nzima. (Si nzima, najua. Mimi nilisema nzima.) Jinsi ulivyovuka ziwa kuja Mwanza wakati wa Mjerumani, fuawe la baba yako, lile pande la kufulia chuma, limelala ndani ya mtumbwi, ukaajiriwa kutengeneza mashua. Na vita vilipokwisha ukanunua mnadani ile mashine ya kukerezea chuma ambayo kila mtu aliiona takataka. Leo mashine ya kuchambulia pamba ikigoma, wenyewe wanakuja kwa Malegesi. Nikauliza, nani mwingine hapa Mwanza chuma kimo katika damu yake tangu kwa baba wa babu yake? Hakuna aliyejibu. Labda kwa sababu ugali ulikuwa umeshafika.

Sasa nikuambie upuuzi tulioufanya. Kaa kwanza. Aa, umeshalala, basi lala vizuri.

Baada ya matanga wazee wa ukoo waligawa mali, kama inavyogawiwa kwa watu wote. Ng'ombe, sawa. Shamba la mihogo, sawa. Kisha wakaingia karakana wakagawa vyombo vilevile kama walivyogawa ng'ombe. Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa, akapewa kerezo, ile mashine ya mnadani. Baba mdogo Mafuru akapewa fuawe na mivukuto ya kupulizia moto. Mimi mwenye jina nikapewa nyundo yako. Ng'ombe ukiwagawa kila mtu anakamua wake, lakini karakana ukiigawa anakamua nani? Hakuna aliyeuliza. Wewe ndiye uliyekuwa ukiuliza maswali kama hayo.

Wanao wakarushiana maneno juu ya koleo. Koleo, Babu! Baba akabaki nalo, na Baba mdogo akapakia vyake kwenye mkokoteni, akahamia Kigongo, pale wanapovukia watu wa Busisi. Akajenga banda, akaandika ubaoni: MALEGESI. Baba naye huku akapaka rangi upya ubao wetu: MALEGESI. Ukawa na karakana mbili, zote mbovu. Huyu ana kerezo na hana chuma kilichofuliwa cha kukereza. Yule anafua na hana pa kukereza anachokifua. Mimi nilikuwa na nyundo, naulia nzi.

Ndipo motaboti ya Bwana Ratilal ikavunjika mhimili unaozungusha rafadha inayoisukuma majini. Yule mfanyabiashara wa Nansio uliyekuwa ukimtania tumbo lake. Boti imejaa pamba, imefungwa gatini, na mvua inatishia. Alisimama mlangoni akatazama mahali pa fuawe, pamebaki gogo tupu. Akasema, "Mzee alikuwa ananipa jibu kabla sijamaliza kueleza. Ninyi mnanipa kiti."

Akasema tena kwamba asipopata jibu siku hiyo atapeleka kazi Kisumu, na akishazoea Kisumu hataona haja ya kurudi kwetu. Wenye mashine za pamba wote wanamfuata yeye. Nilielewa, Babu, hata kwa darasa la nne langu: hapo ndipo karakana yetu ingefia, mbele ya macho yangu, nyundo yako mkononi mwangu.

Nikamwambia Baba twende Kigongo. Akasema, "Siendi kumpigia magoti mdogo wangu."

Basi nikaenda mimi. Nilimwomba Bwana Ratilal anisubiri, nikavaa kofia yako, nikapanda baiskeli.

Nilimkuta Baba mdogo anafua ndoano za wavuvi. Ndoano, juu ya fuawe lililovuka ziwa! Sikumwamkia. Nilikalia kigoda chake, nikakohoa, nikasema, "Mafuru mwanangu, kuna kazi nyumbani. Lete fuawe."

Akainua chuma cha moto. "Ondoka kwenye kigoda changu, mtoto wewe, kabla sijakufua."

Nikamwambia, "Unamfua nani? Mimi naitwa nani?"

Hapo akakishusha chuma. Wewe mwenyewe uliwazoesha: tangu nizaliwe wananiita baba, na Baba mdogo hakuniita vinginevyo hata siku ya viboko. "Baba, lala chini nikuchape," ndivyo alivyokuwa akisema, kwa adabu kabisa.

Akaketi mavumbini. Akasema kwa sauti nisiyowahi kuisikia kwake, "Baba, kaka umempa mashine. Mwanawe umempa jina. Mimi nina mabinti tu. Jina langu mimi atalichukua nani?"

Babu, nilikwenda pale kukuigiza, na mtu mzima ananiuliza swali la kuulizwa wewe. Jibu lako sikuwa nalo. Nilimpa langu: "Njoo nalo wewe mwenyewe. Fuawe bila wewe silitaki."

Tuliingia Mwanza usiku, yeye mbele na ng'ombe wa mkokoteni uliobeba fuawe na mivukuto, mimi nyuma na kofia. Baba alikuwa mlangoni na Bwana Ratilal. Hakuna aliyesalimia. Lakini fuawe lile halinyanyuliwi na mtu mmoja, kwa hiyo walilinyanyua pamoja, wakaliketisha juu ya gogo lake. Baba mdogo akavukuta mpaka chuma kikawa cheupe. Akashika kipande kimoja, Baba akashika cha pili, mimi nikapiga. Nilipiga, Babu! Usikasirike, lakini wewe na kile kiuno chako hukuwahi kupiga hivyo. Katikati ya kazi Baba mdogo akasema, "Kaka, geuza kidogo." Baba akageuza. Upatanisho wao ulikuwa huo tu, mwanzo mpaka mwisho, na hatukumchinjia mtu mbuzi.

Kisha Baba akaufunga mhimili kwenye kerezo, mdogo wake akizungusha gurudumu, hadi ukang'aa. Bwana Ratilal akapitisha kidole akitafuta tulipounga. Akatafuta tena. Akanigeukia: "Mzee, kazi nzuri." Ameniita Mzee! Soko zima linajua, nimehakikisha.

Tangu siku hiyo Baba mdogo amehamia huku. Wazee wa ukoo niliwaambia wazi kwamba chombo cha karakana hakigawiwi tena, hata nikifa mimi, jambo ambalo sina mpango nalo. Walisema sina adabu. Lakini walikubali.

Sasa ahadi yangu kwako. Mke mwingine zaidi ya Bibi bado sijampata, ingawa wanaonitaka ni wengi, hilo unalijua. Nikijaliwa mtoto wa kiume hatakuwa Malegesi, akina Malegesi tunatosha. Nitamwita Mafuru, nimkabidhi kwa mwenye jina akue naye hapo kwenye mivukuto. Na mimi baba yake nitamwita baba mdogo, hata akiwa bado anatambaa.

Nilimweleza Baba mdogo asubuhi hii. Akasema, "Tafuta mke kwanza, baba." Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia karakana nzima, yeye ambaye hajawahi kushika ufagio maishani mwake, na hakunigeukia mpaka alipomaliza.

Pumzika, Babu.

Ni mimi, mume mwenzako,
Malegesi